Zamu ya Fundi Kusafiri

Masafa hakuwa na nia mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana mtaani walimsema mengi baadaye. Asubuhi ile mkewe alipotoka kwenda kununua vifungo, yeye alisimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, mikono kiunoni, akakitazama chumba kama alivyokuwa akilitazama lori lililopakiwa na watu wavivu. Juu ya viti, juu ya kitanda cha zamani cha watoto, hata kwenye kizingiti cha dirisha, palikuwa na vifurushi vidogo vya nguo iliyokatwa lakini haijashonwa, kila kimoja kimekunjwa kivyake na kuachwa kilipo. Mtu aliyepakia mizigo maisha yake yote hawezi kuona kitu kama hicho akanyamaza.

Akakunja mikono ya shati, akaanza kazi. Alifungua vifurushi vyote. Mikono akaiweka na mikono, kola na kola, mifuko na mifuko. Miguu ya kaptula aliipanga mikubwa chini, midogo juu, ili mzigo usiyumbe. Alipomaliza alifunga kila rundo kwa kamba, kwa fundo lile la madereva lisilolegea hata lori likipita kwenye mashimo ya namna gani. Kisha akafagia, akajichemshia chai, akakaa sebuleni kungoja kusifiwa.

Alikuwa na hamu ya kusifiwa, maskini. Tangu astaafu udereva wa malori ya mbali hakuna aliyemsifia kitu. Barabarani jina lake lilikuwa Masafa, na hapakuwa na kituo cha mizani wala kibanda cha chai ambako jina hilo halikujulikana. Nyumbani alizoea kuja siku mbili tatu, kula, kulala, kusimulia, na kuondoka tena. Ndiyo maana majirani walimwita Mgeni, ingawa si mbele yake. Mkewe aliitwa Fundi na kila mtu, hata yeye mumewe, kwa sababu alishona sare za watoto wa shule nusu ya mtaa.

Fundi alirudi na vifungo vyake kwenye mfuko wa karatasi.

"Ingia uone," Masafa alisema.

Fundi aliingia. Alizunguka rundo kwa rundo akigusa kamba.

"Umefanya nini, Mzee?"

"Nimepanga. Si unaona? Hata sakafu sasa inaonekana."

"Kila kifurushi kilikuwa mtoto," Fundi alisema polepole.

"Mtoto gani?"

"Mtoto. Huyu ana mabega yaliyoshuka. Yule mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Yule wa kona ameongezeka tumbo tangu mwaka jana. Nilimpima kila mmoja, nikamkatia, nikamkunja pamoja, shati na kaptula yake. Sasa mikono yao yote umeilaza kitanda kimoja."

Masafa alijikuna kichwa. "Si umeandika vipimo mahali?"

"Niandike nini? Kifurushi ndicho vipimo."

"Lakini mkono ni mkono tu, Mama. Watoto wenyewe hawa wanalingana."

Fundi aliinama. Alishika fundo la rundo la kola akajaribu kulifungua. Fundo likagoma. Akajaribu kwa meno, likagoma. Ikabidi Masafa apige magoti alifungue yeye, moja baada ya jingine, huku mkewe amesimama juu yake. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata.

"Toka tu nje, Mzee," Fundi alisema fundo la mwisho lilipofunguka. "Tafadhali."

Kama angefoka ingekuwa afadhali. Hakufoka. Aliwaita watoto wote tena, wakapanga foleni uani na futi ya kupimia ikapita mabegani mwao upya, na wazazi walipouliza kulikoni alisema kuna kitu kimechanganyika. Hakumtaja mumewe. Masafa alisikiliza kutoka chumbani, masikio yakimwaka, na kila aliposikia maneno hayo aliona kama ametajwa jina, la ubini na la ukoo. Mtaa ulijua, bila shaka. Jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mwuza mayai, alikuwa amechungulia dirishani siku ileile na kuona kamba.

Na kosa hilo halikuwa la kwanza. Masafa alikuwa ameshahamisha chumvi. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kuizunguka nyumba akizipiga teke kuta, kama anayekagua matairi, mpaka mkewe anaamka moyo ukimdunda. Wiki ya kwanza tu ya kustaafu alipanda kiti akachomoa balbu ya taa ya nje, ile ya juu ya geti, akasema umeme unaliwa bure, nani anangojwa. Fundi alimtazama siku hiyo, akafungua mdomo, akaufunga. Masafa akadhani amekubali.

*

Sare ya mwisho iliisha. Asubuhi yake Masafa alimkuta mkewe sebuleni amevaa viatu, na mezani begi. Si begi lolote. Lilikuwa begi lake yeye Masafa, lile la safari, lenye mkanda ulioshonwa mara tatu.

"Nasafiri," Fundi alisema.

"Unasafiri? Kwenda wapi?"

"Huko juu."

"Huko juu wapi?"

"Barabara ni ndefu, Mzee. Siwezi kujua nitalala wapi."

"Na unarudi lini?"

"Ukiniona nimerudi."

Masafa alicheka kidogo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso. Fundi hakucheka. Alisema sare ziko chumbani, wenyewe watakuja, awape. Alisema unga uko palepale. Akabeba begi, akavuka ua, na alipotoka akaligonga geti mara mbili kwa kiganja, ko, ko, akaenda zake. Hakugeuka nyuma.

Masafa alibaki amesimama na kikombe. Kuna jambo katika kule kugonga geti lililomsumbua, kama sura unayoijua lakini jina limekutoka. Hakulipata. Alimpigia simu binti yao, nesi, aliyeishi na mumewe upande wa pili wa mji.

"Mama yako ameondoka."

"Najua, Baba. Amenipigia."

"Amekwenda wapi?"

"Kasema huko juu."

"Sasa huko juu ni jibu?"

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu anayejizuia kucheka. "Baba, sisi tumekua na jibu hilo. Kila tukiuliza Baba yuko wapi, tunaambiwa yuko huko juu. Mimi mpaka nafika darasa la pili nilidhani unaishi mbinguni."

Masafa alikaa chini. Ndipo ile sura ikapata jina. Ko, ko, getini: hivyo ndivyo yeye alivyokuwa akiaga. Ukiniona nimerudi: hayo yalikuwa majibu yake, miaka yote ya ndoa yao, neno kwa neno, na aliyasema kwa kujivuna, akiona ndivyo dereva anavyosema.

"Ana hasira?" aliuliza.

"Hapana. Alikuwa anachekacheka. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

"Atarudi lakini?"

Alitaka kuliuliza swali hilo kiume, likatoka dogo. Binti yake alilisikia lilivyotoka, akaacha utani.

"Sijui, Baba. Sikumuuliza. Wewe ulikuwa humwachii Mama nafasi ya kuuliza, na yeye hakuniachia."

*

Mtu mwenye akili angetulia. Masafa akampigia Kijiti.

Kijiti alikuwa utingo wake zamani, mtoto mwembamba wa kufunga turubai na kulala juu ya mizigo. Sasa naye alikuwa dereva, ana mvi na kitambi, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

"Kijiti, uko njia gani?"

"Napandisha, Mkuu. Kuna nini?"

"Mama yako yuko barabarani. Ukimwona niambie. Ila usimwambie mtu."

"Sawa. Amevaaje?"

Masafa alifungua mdomo. Akilini alimwona Fundi amesimama mezani, aliliona begi, mkanda, mishono mitatu ya mkanda. Nguo hakuiona.

"Gauni," alisema.

"Rangi gani?"

"Ya kawaida."

"Mkuu," Kijiti alisema kwa upole, "wewe ukipotelewa na tela utanitajia mpaka kiraka cha turubai."

Kijiti hakumwambia mtu, isipokuwa mwenzake mmoja wa kuaminika, ambaye naye alikuwa na wenzake wa kuaminika. Kufikia jioni barabara nzima ilijua kuwa mke wa Masafa ameondoka. Simu zikaanza. Madereva aliowafundisha kazi, madereva aliowahi kugombana nao mizani, wote walipiga kumpa pole. Mmoja alimwambia asihangaike, wa kwake aliondoka akarudi na mwingine. Mmoja alianza kulia kwa mambo yake mwenyewe, ikabidi Masafa ambembeleze. Aliizima simu akaiweka chini ya mto. Akaitoa akaiwasha tena, maana huenda Fundi akapiga.

Alipiga siku ya pili, jua likiwa limesimama.

"Mpo wazima?" Fundi aliuliza.

"Mpo nani? Niko peke yangu. Uko wapi, Mama?"

"Huku mtandao unasumbua," Fundi alisema, sauti yake safi kabisa, nyuma yake vijiko vikigongana vikombeni na watu wakicheka. "Nitapiga nikipata nafasi."

Ikakatika. Masafa aliitazama simu. Aliujua mtandao ule unaosumbua. Alikuwa amewahi kuutumia amekaa chini ya mnara wenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka na hakutaka kuulizwa habari za karo. Hakuna baya lolote alilokuwa akificha. Alitaka tu kulala. Sasa alijua kwamba mtu anayeachwa na simu mkononi hajui kama mwenzake ametaka kulala tu. Anafikiri mengine, na aliyafikiri yote, moja baada ya jingine, mpaka chai ikapoa.

*

Wazazi walianza kuja kuchukua sare, naye akagundua kuwa hajui nguo ipi ni ya nani. Fundi alikuwa ameziacha zimekunjwa, kila moja mahali pake, juu ya viti, juu ya kitanda, kwenye kizingiti cha dirisha, bila alama yoyote. Masafa alisimama katikati ya chumba akiogopa hata kugusa.

Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli na binti zake wawili.

"Shikamoo Mzee. Tumefuata sare."

"Marahaba. Zenu ni zipi?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba," fundi baiskeli alisema, bila ubaya, na hilo ndilo lililouma.

Ikabidi awajaribishe. Aliwavisha mabinti wale magauni matatu tofauti ambayo kwa macho yake yalikuwa gauni lilelile. La kwanza lilimbana mdogo kwapani. La pili lilimning'inia. La tatu lilipoteremka mabegani lilitua, likakaa, na mtoto akanyooka bila kuambiwa, akajitazama chini akatabasamu. Masafa alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amesema mkono ni mkono tu. Aliona aibu, peke yake, mbele ya watoto ambao hawakujua anaona aibu ya nini.

Mwuza mayai alisikia vurugu akaja kumwokoa. Alimjua kila mtoto. "Hiyo ya dirishani ni ya yule anayetembea upandeupande. Hiyo ya kitini ni ya mapacha, usizitenganishe. Mgeni, samahani, Mzee, shika hapa."

"Sema tu Mgeni," Masafa alisema. "Najua mnavyoniita."

Mwanamke aliangalia pembeni, halafu wote wawili wakacheka, na baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Adhuhuri hakubaki na nguo ila moja, shati la mtoto wa mwenye duka, ambalo mkono wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Ulikuwa mkono wa mtoto mwingine, uliojipenyeza kwenye shati hili siku ile ya kamba na kulipita hata jicho la Fundi aliyekuwa hajalala. Mwenye duka hakugomba. Alisema tu kwamba Fundi akirudi atamtazamia.

Akirudi. Masafa alilishika neno lile kama mtu aliyepewa risiti.

"Lete," alisema.

Alikuwa na ujuzi wake. Dereva wa mbali asiyejua kushona turubai hafiki. Alitafuta pindo lenye akiba, akalifumua, akalishusha mpaka mikono ikalingana, akashona kwa mkono, uzi mara mbili, kwa ule mshono wa kuvuta na kurudia. Haukupendeza. Lakini mtoto yule angeweza kuning'inia kwenye mti kwa mkono huo wala usichanike.

Mwuza mayai alimtazama muda wote huo akitafuna kijiti cha meno.

"Ile taa yenu ya nje iliungua?" aliuliza.

"Ipi? Niliichomoa. Inakula umeme bure."

"Aa. Sisi tulikuwa tunakujua kwa taa hiyo. Ikiwaka, Mgeni yuko safari. Ikizimwa, Mgeni kaingia. Hata watoto wangu walikuwa wanajua, taa ikizimwa hawapigi kelele upande huu, Mzee amelala."

"Ilikuwa inawaka kila siku?"

"Kila siku usipokuwepo. Mwaka ule umeme ulipokatika mtaa mzima alitundika kandili, kwenye msumari ule." Akaonyesha kwa kidevu.

Masafa aliutazama msumari. Ulikuwa kwenye orodha ya mambo aliyopanga kuyarekebisha. Alikuwa ameazimia kuung'oa, kwa kuwa haukuwa na kazi. Alikumbuka amesimama juu ya kiti, balbu mkononi, akiuliza nani anangojwa, na Fundi akifungua mdomo na kuufunga. Akageuza uso. Mwuza mayai aliona, akasema anakwenda kuangalia kuku wake, ingawa kuku walikuwa wametulia.

Balbu ilikuwa kwenye kopo la misumari. Masafa alipanda kiti akairudisha, akaiwasha. Jioni akatoka nje kuona inafika wapi. Mwanga ulifika mpaka kwenye kona ya mtaa, pale alipokuwa akipunguza gia na kupiga honi. Miaka yote aliuona mwanga ule akiwa kwenye usukani, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ameuwasha.

Asubuhi hakuuzima. Angeuzima vipi, hajui mwenzake atafika saa ngapi?

*

"Nimemwona," Kijiti alisema kwenye simu.

Masafa alisimama. "Wapi? Mzima?"

"Mzima kuliko mimi na wewe. Nimemkuta kwa Bibi wa Chai."

Kibanda cha Bibi wa Chai kilikuwa katikati ya ile njia ndefu, chini ya mlima, na hakuna dereva aliyepanda mlima bila kunywa pale. Masafa alikuwa amemsimulia mkewe chai hiyo mara nyingi.

"Anafanya nini hapo?"

"Anampima Bibi gauni. Na utingo wangu amepimwa suruali. Wanacheka tu, sijui wanacheka nini, ukifika wananyamaza."

"Amesema nini juu yangu?"

Kijiti alikohoa. "Ameniuliza ile kona iko wapi."

"Kona ipi?"

"Ile ya hadithi yako, uliyoshuka nayo bila breki, na nyanya zote zile, ukaliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima likasimama. Nikampeleka. Alishuka akasimama pale kitambo, akatazama huku, akatazama kule. Halafu akaniuliza, 'Hii?'"

"Akasema hivyo?"

"Hivyo tu. 'Hii?'"

Masafa alianza kucheka, na kicheko kikaja na machozi ambayo hakuyatarajia, ikabidi aisogeze simu mbali na mdomo. Hajaenda kwa mtu. Hajaenda kwao kumshtaki. Amekwenda kuiona barabara yake, kituo kwa kituo, kama alivyosimuliwa, huku mkononi ana begi lake. Bado hakujua kama atarudi. Mtu anaweza kuiona barabara ikampendeza akaendelea nayo. Yeye mwenyewe iliwahi kumtokea. Lakini jiwe moja lilikuwa limetoka kifuani.

"Mwambie," alisema, kisha hakujua amwambie nini. "Mwambie sijagusa chumba chake."

*

Honi ilipigwa kwenye kona mchana, jua la kuchoma. Milio mitatu, miwili mifupi na mmoja mrefu. Masafa alikuwa jikoni akitafuta chumvi, aliyoirudisha mahali pake pa zamani na sasa haioni. Alisimama kama aliyeitwa. Hiyo ilikuwa honi yake. Hapakuwa na mtu mwingine aliyepiga hivyo ila yule aliyekaa naye kwenye kabini miaka mingi.

Alifika getini na mwiko mkononi. Lori la Kijiti lilikuwa limejaza mtaa mzima, na juu kule kwenye kiti cha abiria, kiwiko kimetoka dirishani kama dereva mzoefu, alikaa Fundi. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa. Masafa alilitazama vizuri, makusudi, rangi na mifuko na vifungo vyote.

"Alinikataza kusema, Mkuu," Kijiti alipiga kelele juu ya injini. "Ningefanyaje? Ameninyima hata usukani wa maneno." Akamshusha mama, akakataa chai, akaondoka kwa kurudi nyuma huku kuku wa mwuza mayai wakitawanyika.

Masafa alilipokea begi. Alikuwa na maswali ya kujaza tela. Lakini alikumbuka jinsi yeye alivyokuwa akipokewa, akayameza. Kwanza maji ya kuoga, ya moto, aliyoyachemsha kila siku bila kujua ni ya nani. Kisha kiti. Kisha chakula, ambacho hakikuwa na chumvi, na Fundi alikila chote bila kusema. Masafa alikaa ng'ambo ya meza, mikono mapajani. Kumbe hii ndiyo kazi, aliwaza. Kumtazama mtu akila na kungoja aanze mwenyewe.

Fundi aliisogeza sahani.

"Kona yenyewe ndogo," alisema.

"Lori lilikuwa kubwa."

Fundi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akaanza kusimulia, na alisimulia kama mumewe, kituo kwa kituo, akiongeza chumvi ambayo chakula hakikuwa nayo. Mlima. Ukungu. Dereva wa basi aliyemkalisha mbele aliposikia jina la Masafa.

"Na Bibi wa Chai," alisema. "Miaka yote nilidhani ni msichana."

"Bibi? Wewe uliwaza hivyo?"

"Kila uliposifia chai yake. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nimevaa na viatu. Nafika, namkuta bibi wa watu hana hata jino. Nikasema jina lako, akanishika mikono akaniambia, 'Wewe ndiye unayeshona kwa mkono wa kushoto.' Ananijua. Anajua nilivyougua nikiwa na mimba ya pili. Anajua nilivyoikataa pete yako mara ya kwanza." Aliikunja ncha ya kanga. "Huku nyumbani ulikuwa unanisimulia barabara. Kumbe barabarani unanisimulia mimi."

Masafa aliangalia meza. Hakujua kama lile lilikuwa kosa au sifa, na Fundi hakumwambia.

"Nilidhani hurudi," alisema hatimaye.

"Nilijua utadhani."

"Niliogopa, Mama. Niliogopa sana."

"Mimi nimeogopa kila safari," Fundi alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetua ndoo. "Sikutaka kukuadhibu, Mzee. Nilitaka tu, mara moja, mtu mwingine angoje."

Kisha akauliza habari za sare, naye akamweleza yote, pamoja na shati la mtoto wa mwenye duka. Mtoto mwenyewe alikuwa anapita nje, wakamwita. Fundi alimshika mkono wa kulia, akaugeuza, akaupima kwa macho, akauvuta ule mshono kwa kucha. Haukutikisika. Akauvuta kwa nguvu, mtoto akayumba, mshono ukabaki.

"Mbaya," alisema. "Lakini umelingana." Na Masafa, aliyesifiwa mwishowe, akaona aibu kama kijana.

Walikubaliana mambo machache pale mezani. Chumba cha kushonea hakipangwi na mtu. Kuta hazipigwi teke mpaka jua litoke. Na Bibi wa Chai anasubiri gauni lake, kwa hiyo safari iko palepale. Mara hii watakwenda wote, na Fundi anakaa dirishani.

"Dirishani ni pangu," Masafa alisema.

"Wewe umeshaona."

Fundi alitoka kuanika taulo. Masafa alimsikia akisimama uani, nyayo zimekoma.

"Mzee, nani kawasha taa hii mchana kweupe?"

Alimfuata mpaka mlangoni. Fundi alikuwa ameinua uso, mkono juu ya macho kukinga jua, akiitazama balbu ya juu ya geti iliyokuwa ikiwaka kinyonge, haimuliki kitu.

"Mimi," alisema. "Sikujua utafika saa ngapi."

Fundi aliitazama zaidi, akainama akaliokota taulo lililomtoka mkononi bila kujua, akalikung'uta.

"Haya, zima," alisema. "Tumo ndani sote."